Saa Nane na Dakika 31

Haya ni maneno niliyoyasema Dar es Salaam mbele ya maprodyuza vijana na wapenzi wa muziki, kabla hatujasikiliza pamoja albamu nzima ya Global Communication, wanamuziki wawili wa Uingereza. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikipunguza tu pale niliporudia.

Shikamooni wakubwa wangu mliokaa kule nyuma. Na ninyi vijana mliokaa mkekani, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja, na foleni ya leo mmeiona wenyewe.

Nimeombwa niseme machache kuhusu CD hii, na kwa nini walioitengeneza wamesahaulika, kabla ya kuiweka kwenye mashine. Niruhusuni nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niupende muziki huu.

Mwaka 1999 nilikuwa fundi mitambo wa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha redio hapa mjini. Fundi wa usiku ana kazi tatu: kukaa macho, kuangalia mitambo, na kujaza daftari. Kila wimbo uliopigwa lazima uandikwe: jina la wimbo, jina la msanii, urefu wake, na saa uliyopigwa. Usiku mmoja nikafungua boksi la CD zilizotoka Ulaya. Karibu zote zilikuwa za wanamuziki niliowajua. Moja haikuwa na sura ya mtu juu ya jalada. Nikaigeuza nitafute majina ya nyimbo, nikakuta namba tupu: 4:02, 14:31, 9:25, 9:39, 7:39, 0:54, 8:07, 5:23, 4:14, 12:18.

Sasa niambieni. Mtu aliyefundishwa saa kwa Kiswahili, akiona 14:31, anaona nini? Anaona saa nane mchana na dakika 31. Na 5:23 ni saa kumi na moja alfajiri na dakika 23. Na 12:18 ni saa sita mchana, jua la utosi. Nikasema, kumbe wapo watu huko Ulaya wanaofikiri kama sisi. Sisi tuna nyimbo za kutwangia, nyimbo za kubembelezea mtoto, nyimbo za kuvutia nyavu, kila moja na wakati wake. Nikaamini hawa nao wametunga nyimbo za kusikilizwa kila moja kwa saa yake, basi tu aliyezipanga kwenye CD alizichanganya.

Nikaanza kuzisikiliza hivyo. Si hewani, la, peke yangu, kwenye spika ndogo ya kukagulia sauti. Ule wa 4:02 niliupiga saa kumi alfajiri na dakika mbili, wakati mji umelala hata mbwa wamechoka kubweka. Ule wa 5:23 niliupiga alfajiri, adhana imekwisha, daladala za kwanza zinaanza kuunguruma huko barabarani, na nawaambieni kweli, wimbo ule una mwendo wa gari linaloondoka polepole na kushika njia. Ule wa 0:54 niliupiga saa sita usiku na dakika 54, ukaisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Hapo ningeshtuka, lakini sikushtuka.

Halafu ule wa 14:31. Huo niliusikiliza nyumbani saa nane mchana, siku ya mapumziko, madirisha nimeyafunika kanga ili joto lisiingie. Humo ndani ya wimbo kuna saa ya ukutani. Inagonga tik, tak, na juu yake sauti za kinanda zinakuja na kuondoka kama mawimbi ya maji kupwa, hayana haraka. Nikajiambia ushahidi umepatikana: huu ni wimbo wa saa nane mchana, na saa yenyewe wameiweka ndani.

Nilikaa na imani hiyo kwa wiki kadhaa. Siku niliyoamua kuupiga hewani ndipo ilipovunjika. Nilichukua daftari, kwenye nafasi ya jina la wimbo nikaandika 14:31. Nikaja kwenye nafasi ya urefu, nikatazama kipima muda. Kilikuwa kimesimama kwenye 14:31. Mkono ukagoma kuandika. Nikakimbilia jalada. Jina la albamu ni 76:14, na hakuna saa ya namna hiyo duniani. Zilikuwa dakika na sekunde. Kila wimbo umepewa urefu wake uwe ndiyo jina lake, na albamu nzima vivyo hivyo: dakika 76 na sekunde 14.

Asubuhi daftari likarudishwa kwangu na maelekezo kwamba niandike jina la wimbo na si urefu mara mbili. Sikuwa na jina la kuandika. Nikaifuta ile namba, nafasi ile nikaiacha wazi.

Nimewasimulia haya kwa sababu wale watu wawili walikusudia jambo kama lile lililonipata. Hawakutaka kumwambia msikilizaji afikiri nini. Ukiuita wimbo "Machweo", kila atakayeusikia ataona machweo. Ukiuita 14:31, wewe huko uliko utaona unachoona. Mimi niliona mchana wa Dar es Salaam, kanga dirishani na saa ya ukutani. Wao walikuwa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, sehemu ya mashamba na miji midogo. Hawakunijua, na kanga labda hawakuwahi kuiona. Lakini walikuwa wameniachia nafasi.

Wanaitwa Global Communication. Ni Tom Middleton na Mark Pritchard. Middleton alisomea muziki wa kitaalamu tangu utotoni, piano na chelo, na ana asili ya Cornwall, ile ncha ya mwisho ya Uingereza inayoingia baharini. Pritchard alikuwa DJ na mtu wa mashine. Walikutana Taunton, mji wa huko Somerset, kwenye klabu, mwanzoni mwa miaka ya 90, wakafungua lebo yao wenyewe wakaiita Evolution. Kwa kifupi, mmoja anajua noti, mwingine anajua santuri. Ninyi maprodyuza mnajua jinsi ndoa ya namna hiyo ilivyo adimu. Mara nyingi anayejua noti humdharau anayejua mashine, na anayejua mashine humwona mwenzake ni wa kanisani. Hawa walisikilizana.

Na muziki wenyewe ni upi? Unaitwa ambienti. Mwaka 1975 Mwingereza Brian Eno aligongwa na gari, akawa amelala kitandani hana nguvu. Rafiki yake akamletea santuri ya kinubi akaondoka zake, naye akaiweka kwa taabu akarudi kulala. Sauti ilikuwa chini mno, spika moja haifanyi kazi, na nje mvua inanyesha. Eno hakuweza kuinuka aiongeze. Akalala hivyo hivyo, akaanza kuusikia muziki ukiwa sehemu ya chumba, pamoja na mvua. Mwaka 1978 akatoa albamu ya muziki wa viwanja vya ndege, wa kukaa hewani kama mwanga unavyokaa chumbani. Ukitaka uusikilize, ukitaka uuache.

Miaka kumi na kitu baadaye, vijana wa Uingereza walikuwa wanacheza tekno na haus, muziki wa mashine wa klabu, usiku kucha, na mwili una mwisho. Klabu zikatenga chumba cha pembeni, chenye mito na taa hafifu, mtu apumzike. Mwaka 1989 katika klabu ya Heaven, London, Alex Paterson alikuwa akipiga muziki wa chumba hicho, na kundi lake, The Orb, likaja kuwa kubwa. Mwaka 1992 singo yao moja yenye urefu wa sekunde chache pungufu ya dakika 40 iliingia kwenye kumi bora za Uingereza. Dakika 40, wimbo mmoja! Mnaoambiwa leo na menejimenti zenu kwamba wimbo usizidi dakika mbili na nusu, liwekeni hilo akilini.

Wazee wa taarab mtanielewa haraka zaidi. Bashraf mnaijua. Kabla mwimbaji hajasimama, vikundi vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club hufungua kwa ala tupu, fidla na kanuni na udi zikitembea pamoja, hakuna neno hata moja. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanakaa. Hakuna aliyewahi kumwendea mpiga kanuni akamuuliza bashraf hii inamsema nani. Mashairi yakianza ndipo ukumbi unapogeukiana kutafuta nani kasemwa. Kwa kipindi kile cha ala, kila mtu yuko na mambo yake ya moyoni, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Simaanishi kwamba hao wa Somerset walitoa kwetu. Nasema tu kwamba masikio yetu hayana ugeni na muziki unaonyamaza maneno.

Nirudi kwa wawili hawa. Mwaka 1993 walitoa albamu kwa jina lingine, Reload, inayoitwa A Collection of Short Stories. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha hadithi fupi, hadithi za kwenda na nyimbo. Yaani unausikia wimbo huku unasoma kisa chake. Mwaka uliofuata wakaja na 76:14, wakaondoa visa, wakaondoa hata majina. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Watu wale wale, ndani ya mwaka mmoja, walimpa msikilizaji kila kitu, kisha wakamnyang'anya kila kitu. Naamini lazima waupitie mlango wa kwanza ndipo waufikie wa pili. Mtu ambaye hajawahi kusimulia hawezi kunyamaza vizuri.

Katikati ya hapo wakaletewa kazi na bendi ya magitaa iitwayo Chapterhouse, ya mji wa Reading. Bendi hiyo ilikuwa imerekodi albamu yake, Blood Music. Desturi ya remiksi mnaijua: unachukua wimbo, unabadilisha ngoma, unaongeza besi, unatuma ankara. Wao waliichukua albamu wakaivunja, wakaijenga upya ikawa vipande vitano virefu, wakaiita Pentamerous Metamorphosis. Magitaa ya wenyewe yamekuwa ukungu. Ikatolewa mwaka 1993 kama CD ya nyongeza kwenye nakala za kwanza za albamu ya bendi. Fikirini hilo: kazi nzima ya saa nzima, inatoka kama kipande cha sabuni anachokuongezea mwenye duka! Ilipokuja kuuzwa peke yake ulikuwa mwaka 1998. Mimi binafsi naiweka sawa na 76:14, na siku nyingine naiweka juu yake.

Lebo ya Chapterhouse ilikuwa Dedicated, na ndiyo iliyotoa 76:14 mwaka 1994.

Sasa tuseme kuhusu kusahaulika, maana ndilo mlilotaka nilieleze. Mwaka ule wa 1994 ulikuwa umejaa. The Future Sound of London, nao wawili, walitoa Lifeforms ikafika nafasi ya 6 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Aphex Twin, kijana wa Cornwall, akatoa albamu yake ya pili ya ambienti, CD mbili nzima, ikafika nafasi ya 11. Na sikieni hili: hiyo ya Aphex Twin nayo karibu yote haina majina! Aliweka picha badala ya majina. Na Middleton alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Kwenye ile rekodi ya mwaka 1991 iliyomtambulisha Aphex Twin kwa ulimwengu, Analogue Bubblebath, kuna wimbo mmoja waliotengeneza pamoja. Kwa hiyo marafiki wawili wa pembe moja ya nchi, mwaka mmoja, wazo karibu lile lile. Mmoja akawa jina kubwa, hadi leo mnavaa fulana zake. Mwingine nimeleta CD yake kwenye mfuko wa plastiki, na kabla ya leo wangapi humu mlikuwa mmeisikia? Nyosheni mikono. Wanne. Ahsanteni, wanne.

Kwa nini? Watu hupenda kusema bahati. Mimi sikubali kwamba ni bahati tupu. Aphex Twin alikuwa na jina moja ambalo watu walilishika, na sura yake akaigeuza kuwa alama. Hawa walikuwa na majina kama mtu mwenye funguo nyingi za nyumba nyingi. Global Communication walipotulia, Reload walipotaka giza, Link walipotaka tekno, Jedi Knights walipotaka fanki ya mashine, Chameleon walipotunga wimbo mmoja wa drum and bass, muziki wa ngoma za kasi, kwa lebo ya DJ LTJ Bukem, na wimbo huo, Links, ni mzuri hadi unauma. Kila mlango ulikuwa na wapenzi wake, na wapenzi wa mlango mmoja hawakujua kwamba nyumba zote ni za watu wawili. Jedi Knights mimi haikunishika sana, niseme ukweli wangu, lakini siwezi kukataa kwamba wanajua kuchezesha.

La pili, hawakurudia. Mtu akishaipenda 76:14 anasubiri ya pili. Ya pili haikuja. Katikati ya miaka ya 90 walitoa singo ya haus, The Way, kwa jina lile lile la Global Communication, ya watu kusimama na kucheza. Nzuri, lakini aliyekuja na mto wake kulala alikuta viti vimeondolewa. Na kabla muongo haujaisha kila mmoja akawa anashika njia yake.

La tatu ndilo linaloniuma, na ndilo lile daftari. Dunia hutunza vitu kwa majina. Redio inataka jina. Duka linataka jina. Mtu akikupenda anataka akuimbie jina la wimbo ili nawe uutafute. Utamwambia mwenzako nini? "Tafuta ule wa dakika 9 na sekunde 25"? Ninajua kwa hakika kwamba kwenye daftari la kituo kile kuna usiku mmoja mwaka 1999 ambapo dakika 14 na sekunde 31 za muziki zilipita juu ya mji huu, na kwenye nafasi ya jina hakuna kitu. Yeyote aliyekuwa macho akausikia hakuweza kuupata tena. Hawa wawili walijua gharama hiyo? Sina njia ya kuingia mioyoni mwao. Lakini waliilipa.

Kuna kijana ameniuliza hapo mlangoni walitumia mashine gani. Mwanangu, mashine zao zilikuwa za kawaida kwa wakati wake, sintesaiza na sempla, yaani kinanda cha umeme na mashine ya kunasa vipande vya sauti, na uwezo wa simu yako kurekodi unazidi vyote hivyo. Leo sikilizeni mambo mawili tu. Kwanza, sauti inavyoingia. Wengi wenu sauti zenu zinaingia kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Zao zinaingia hujui zimeingia saa ngapi, unashtukia tu zimo ndani, umeshazizoea. Hiyo ni subira ya mkono, kuiacha sauti ichukue sekunde nyingi kupanda na sekunde nyingi zaidi kushuka, na kuipa mwangwi ikae. Pili, ile saa. Kwenye 14:31 wangeweza kuweka ngoma. Waliweka saa. Ngoma inauambia mwili ufanye jambo. Saa haikuambii kitu, inakujulisha tu kwamba muda unakwenda, na wewe umekaa. Sikilizeni inavyobaki katika mwendo wake huku kila kitu kingine kinayeyuka.

Na 5:23, ule niliousikia kama daladala ya alfajiri. Baadaye sana nikajua kwamba ni usukaji mpya wa wimbo wa Tangerine Dream, Wajerumani wa Berlin, waliouweka kwenye filamu ya mwaka 1983, na jina la wimbo ule lina treni ndani yake! Nilicheka peke yangu nilipojua. Jina lilikuwa limefutwa, namba imewekwa mahali pake, na bado chombo cha safari kilinifikia mimi huku Afrika, nikakiona kama basi dogo la abiria.

Leo hii Pritchard anaishi Australia. Hajaacha. Mwaka 2016 alitoa Under the Sun kwenye lebo ya Warp, na wimbo mmoja humo ameimba Thom Yorke wa bendi ya Radiohead. Mwaka 2025 Pritchard na Yorke wakatoa albamu nzima pamoja, Tall Tales. Middleton naye alijielekeza kwenye jambo ambalo likisemwa haraka mtu anaweza kulipuuza: usingizi. Alijifunza elimu ya usingizi, akawa anawafundisha watu kulala, na mwaka 2018 akatoa albamu aliyoitengeneza kwa ajili hiyo, Sleep Better. Mimi nimefanya zamu za usiku miaka kumi na minane. Mtu anayetumia kipaji chake chote kumtafutia mwenzake usingizi, huyo kwangu ni tabibu.

Nimesema kuliko nilivyoombwa. Sasa tusikilize.

Tafadhali zimeni simu, si kuziweka kwenye mtetemo. Bwana mdogo wa taa, punguza hizo za mbele, ya mlangoni iache. Feni ziacheni zizunguke, hazina ubaya, zitakuwa sehemu yake. Aliyechoka na alale hapo hapo alipo, hakuna atakayemwamsha. Anayewahi daladala ya mwisho ya Mbagala au Gongo la Mboto aondoke wakati wowote bila kuaga. Wimbo wa mwisho, 12:18, una sauti kama za kwaya inayoimba kutoka chumba cha mbali. Ukiisha msipige makofi mara moja. Nitakuwa nimekaa hapa kwenye mashine, na nimekuja na daftari. Kila mtu, kabla hajatoka, apite aniandikie jina aliloliona kwenye ule wa pili. Nafasi nimeiacha wazi.